Mjumbe wa Nne

Jana usiku binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye riwaya ya Kusadikika akaniuliza, "Mama, kama wao ndio waliowatuma wajumbe, sasa kwa nini tena wawafunge?" Nikamwambia asome mbele. Mawazo yangu yalikuwa yamesharudi masjala.

Mwaka ule ofisi ilinipeleka Mwanza wiki mbili, nikajifunze wenzetu wanavyotunza kumbukumbu. Nilirudi na ripoti ya kurasa 31, nimeijalidi kwa pesa yangu. Kikaoni nikapigiwa makofi: "Tumeipokea, tutaifanyia kazi." Miezi mitatu kimya. Nikashuka masjala kuuliza.

Mzee wa masjala hakuitikia shikamoo yangu upesi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akavuta droo ya chini kabisa, ile inayokwama mpaka uipige teke. Ndani mlikuwa na ripoti tatu za waliotangulia, karatasi zimepiga manjano, moja imeliwa na mende pembeni. Juu yake yangu, bado inanuka gundi. Akafunua ukurasa wa kwanza. Wino mwekundu: "Imeonekana. Hifadhi."

"Marahaba," akasema sasa. "Wewe ni mjumbe wa nne, mwanangu." Akachomoa kitabu kilichovikwa gazeti. "Kasome hiki. Nyaraka za utumishi baadaye."

Nilikuwa nimeshakisoma shuleni, kimtihani: dhamira, wahusika, tamathali. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, hadi mbinguni na ardhini, wanarudi wanatiwa gerezani. Mwalimu alitufundisha kwamba Shaaban Robert, mwaka 1951, alikuwa akiwasema wakoloni kwa mafumbo. Kwa mzee yule, Kusadikika ilikuwa ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.

Basi masikio yakazibuka. Kumbe kuonekana si kusomwa. Kumbe "tutaifanyia kazi" ni namna ya kukuaga, na "ngazi husika" haina vidato. Wenzangu walikuwa wanakijua Kiswahili hicho siku zote. Mimi na shahada yangu ndio tulikuwa wageni.

Sijui kama kitabu kile kilinijenga au kilinivunja moyo. Ripoti ndefu niliacha kuandika, hilo nalikiri.

Siku hizi kiti ni changu. Wiki iliyopita kijana mmoja kaniletea ripoti yake, imejalidiwa vizuri. Nikaandika "Imeonekana," nikasita kwenye neno la pili. Iko mezani mpaka leo.