Kutoka Wushantou hadi Wushe

Nilifika bwawa la Wushantou, kusini mwa Taiwan, saa tatu asubuhi, jua halijawa kali. Karibu na maji kuna sanamu ya shaba: mtu kaketi chini, kakunja goti, mkono kichwani kama anayetatizwa na hesabu. Ni Yoichi Hatta, mhandisi wa Kijapani aliyesimamia ujenzi wa bwawa na mifereji yake tangu 1920 hadi 1930, Taiwan ilipokuwa koloni la Japani. Mwaka 2017 kuna waliokuja usiku wakakata kichwa cha sanamu. Kiliwekwa kingine upesi, kwa sababu kila tarehe 8 Mei wakulima huja kumkumbuka.

Mama mmoja muuza matunda aliniambia babu yake alikuwa akingoja mvua ndipo apande mpunga. Mfereji ulipofika, akalia. Halafu akanipa methali ya wazee wao: mjinga wa kwanza ni anayelima miwa akaipeleka kampuni ikapime. Kampuni za sukari zilikuwa za Wajapani, na mizani ilikuwa yao. Yote mawili aliyasema kwa sauti ileile.

Hapo bwawani upo mnara wenye majina 134 ya waliokufa wakati wa ujenzi, Wajapani na Wataiwani pamoja.

Siku mbili baadaye nilipanda basi kutoka Puli kwenda Wushe, milimani, barabara imejaa kona na ukungu. Tarehe 27 Oktoba 1930, mwaka uleule bwawa lilipokamilika, Waseediq, wenyeji wa asili wa milima hii, wakiongozwa na chifu wao Mona Rudao walivamia michezo ya shule hapa wakaua Wajapani 134, wanawake na watoto wakiwemo. Idadi ileile, nilirudia kuisoma. Walikuwa wamechoshwa na kubebeshwa magogo kwa ujira mdogo na kupigwa na polisi. Serikali ya kikoloni ikajibu kwa mizinga, ndege na gesi. Msituni, familia nzima zilijinyonga. Mifupa ya Mona Rudao iliwekwa chuo kikuu huko Taipei kama kitu cha utafiti, ikarudi kuzikwa Wushe mwaka 1973 tu.

Nimewahi kusikia watu wakisema Wajapani waliwajengea Wataiwani nchi. Maji ya Wushantou niliyaona, sitayakana. Ila anayeyataja mbele ya kaburi hili kana kwamba yanalipia kitu, simwelewi.

Nilisimama pale hadi basi la mwisho likapiga honi. Mfukoni nilikuwa na sarafu ya dola 20 ya Taiwan yenye sura ya Mona Rudao. Nauli nililipa kwa noti.