Arobaini ya vodka

Mjomba wangu alisoma Moscow miaka ya themanini na mpaka leo ukimuwekea chupa ya vodka mezani lazima akupe somo kwanza. Anaigeuza, anaweka kidole kwenye ile 40%, halafu anaanza: "Hii unajua nani kaipanga? Mendeleev! Yule yule wa jedwali la elementi mlilokaririshwa shule." Eti mzee alijifungia maabara akapima weee mpaka akaona kwenye asilimia 40 ndo spiriti na maji vinakubaliana kuliko kwengine kote. Mimi nimeamini miaka yote, na nimeshawapigia watu kibao hiyo stori, mpaka juzi nikakaa nikasoma vizuri. Aisee, mjomba katuingiza mjini.

Mendeleev kweli alitetea tasnifu yake mwaka 1865 na kweli ilihusu kuchanganya spiriti na maji, ila vodka haimo. Alikuwa anahangaika na densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, kwa sababu ukichukua nusu lita ya spiriti tupu ukamiminia nusu lita ya maji hupati lita, zinakosekana kama mililita 35 hivi, molekuli zimebanana. Na pale zinapobanana zaidi ni kama asilimia 46 kwa uzito, sio 40. Kwa hiyo hata ukitaka kumlazimisha mzee wa watu kwenye hii stori namba inakataa.

Sasa 40 ilitokea wapi? Zamani Urusi pombe ilipimwa kwa moto. Walikuwa na kitu kinaitwa polugar, yaani imeungua nusu: unamimina kwenye chombo cha chuma, unaipasha, unaiwasha, unasubiri izime yenyewe, kisha unaangalia kilichobaki. Ikibaki nusu basi mzigo ni halali. Ukipima kwa vipimo vya leo hiyo polugar inacheza kwenye asilimia 38 na pointi. Si unaona, hata wazee wetu wa chang'aa na kiberiti chao hawakuwa mbali (ila jamani msijidanganye na kiberiti, methanoli nayo inawaka vizuri tu na hiyo ndo inayopofusha watu).

Halafu 1863 serikali ikaachana na mtindo wa kuwakodisha matajiri haki ya kuuza pombe na kukusanya kodi, ikaweka ushuru unaohesabiwa kwa kiasi cha spiriti iliyomo ndani. Hapo ndo kichwa kikaanza kuuma. Hebu fikiria karani wa enzi hizo, hana kalkuleta, mapipa yamejaa uani, na kila ndoo azidishe kwa 38 na pointi! Waziri wa Fedha wakati huo, Mikhail Reutern, akataka namba ipandishwe iwe 40 mviringo, yaishe. Na kulikuwa na faida nyengine, pombe ikikaa kwenye pipa na kusafirishwa inapungua nguvu, kwa hiyo ikitoka kiwandani na 40 hata ikichuja njiani mlevi bado anafikiwa na ile 38 yake ya zamani.

Na kitu ambacho wengi hatukifikirii, vodka haitoki kwenye mtambo ikiwa 40. Spiriti inatoka kama 96, halafu mtu anaongeza maji. Ataongeza kiasi gani hilo ni suala la sheria na mfuko tu. Ndo maana Marekani vodka haiwi chini ya 40 lakini Ulaya ruksa kushuka mpaka 37.5, na Uingereza zile za bei rahisi nyingi zimeganda hapo hapo kwenye 37.5, maana spiriti ikipungua na ushuru unapungua.

Kenya nayo tangu mwisho wa 2024 ushuru wa pombe kali unapigwa kwa spiriti tupu, shilingi 10 kwa kila sentilita. Nikachukua chupa ya mililita 750 nikajaribu. Kwa 40 ni sentilita 30, yaani 300 kamili, hata kwa vidole unapata. Kwa 37.5 inakuja 281.25. Nikaweka 38.3 ya polugar, ikatoka 287.25 na hapo nilikuwa na simu mkononi.

Nimemtumia mjomba hesabu yote WhatsApp. Kanijibu kwa picha ya jedwali la elementi.