Mtoto akichelewa, uliza kwao kulilalwa saa ngapi

Kibanda changu cha mandazi kiko karibu kabisa na lango la shule moja ya msingi hapa Kayole, Nairobi. Ninapowasha jiko bado kuna giza, kwa hivyo hakuna anayepita nisimwone. Na jambo la kwanza utakalogundua ukikaa hapa ni kwamba wanaotoka mbali ndio hufika mapema. Wanaokaa ng'ambo ya barabara, wanaoisikia kengele wakiwa kitandani, ndio hunipita mbio na kiatu kimoja mkononi.

Wazazi wanaonunua kwangu husema watoto wa siku hizi ni wavivu. Mimi huwauliza watoto wenyewe wakitafuna mandazi ya shilingi 10, na uvivu ni nadra kuusikia. Nasikia maji. Mitaa hii maji huja kwa mgao, na yakija alfajiri, foleni ya mitungi haimngoji mtu. Msichana wa gredi ya tano anaamshwa, anajaza mtungi wa lita 20, anaupandisha orofa ya nne, anashuka tena kuchukua wa pili, ndipo avae sare. Mwingine ni lazima ampeleke mdogo wake kwa mama anayelea watoto, na mama huyo hafungui mlango kabla ya saa moja. Wasichana wakubwa kuna siku hawapiti kabisa. Sheria ya kuwapa sodo za bure shuleni ipo tangu 2017, lakini pakiti zikichelewa kufika, msichana hukaa nyumbani.

Halafu kuna usingizi, na hapa sitawaonea aibu majirani zangu. Nyumba ni chumba kimoja, taa ni moja, runinga ni moja. Baba anafika saa nne usiku kutoka Industrial Area, chakula kinapakuliwa, habari zinawashwa, baada ya habari kuna mpira. Mtoto wa miaka minane atalala vipi katikati ya hayo yote? Analala watu wazima wakilala. Asubuhi anavutwa blanketi na kuitwa mzembe.

Sasa njoo langoni. Kengele ikilia soja, yaani mlinzi wa lango, anafunga, na mwalimu wa zamu anawapanga waliochelewa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi, lakini walimu wengine hutafuta adhabu zisizo kiboko: kupiga magoti kwenye kokoto, kuokota takataka uwanja mzima huku wenzake wakisoma. Kulikuwa na mvulana mmoja wa gredi ya saba ambaye kila akichelewa husimama kwenye kona ya duka la M-Pesa, anachungulia. Akimwona mwalimu fulani, anavua sweta ya shule, anaigeuza nje ndani, anaitia kwenye begi na kushika njia ya kibanda cha michezo ya video. Mama yake anajua yuko darasani. Alichelewa dakika kumi tu, akapoteza siku nzima kwa kuogopa lango. Ukiniuliza mimi, utoro wa shule hii huzaliwa hapo.

Na hizo dakika kumi zenyewe si kidogo. Mwalimu mmoja mteja wangu alinieleza kwamba kipindi cha gredi ya nne ni dakika 35. Anayeingia dakika 15 baada ya somo kuanza, Jumatatu hadi Ijumaa, amepoteza dakika 75 kwa wiki, yaani vipindi viwili na zaidi. Isitoshe, kipindi cha kwanza cha darasa hilo ni Hisabati karibu kila siku. Mtoto anamkuta mwalimu yuko mfano wa tatu, anakopa daftari la jirani, ananakili majibu asiyojua yametoka wapi. Mwisho wa muhula tunaambiwa hana kichwa cha hesabu.

Lakini sitetei wale wanaopindukia kwa kuwawahisha watoto. Kuna mabasi ya shule za kibinafsi yanayopiga honi hapa saa kumi na moja asubuhi kuchukua watoto wa chekechea, vichwa vinaning'inia dirishani kwa usingizi. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema shule ya kutwa isimlazimishe mwanafunzi kufika kabla ya saa moja na robo. Saa hiyo inatosha kabisa.

Hapa kwetu alikuja naibu mpya wa mwalimu mkuu akabadilisha mambo. Anayechelewa anaandikwa kwenye daftari la soja, anaenda darasani moja kwa moja, na mzazi anapigiwa simu siku hiyo hiyo. Wazazi walilalamika sana, kwamba wanasumbuliwa wakiwa kazini. Mimi nikacheka. Yule wa kona ya M-Pesa siku hizi anapita kama wengine, hata akichelewa, kinywa kimejaa.

Lililobaki kunichoma ni moja. Shule hiyo hiyo inayohesabu dakika asubuhi huwatoa watoto saa nne, wakachukue nyumbani pesa za karatasi za mtihani. Wanajipanga hapa kwangu kwa sababu wanajua nyumbani hakuna mtu. Nimemwambia mwakilishi wa darasa la binti yangu aliweke kwenye ajenda ya mkutano wa wazazi Ijumaa hii. Barua inasema saa nane kamili. Ameniambia nisifunge kibanda mapema, kwa sababu kabla ya saa tisa wazazi hawatakuwa wamefika.