Kabureta ya 30 kwenye injini ya 125: jinsi nilivyoitibu

Pikipiki ya CC 125 niliyoinunua mkononi ilikuwa na ugonjwa mmoja: ukivuta mafuta ghafla inakwama, inakohoa, ndipo inachomoka. Tambarare haina neno. Mlimani na abiria, kilio.

Plagi ilikuwa nyeusi kwa masizi makavu, dalili ya petroli kuzidi. Chujio safi, valvu sawa, shingo ya kabureta haivuji hewa. Kabureta yenyewe imeandikwa PZ30; namba hiyo ni kipenyo cha tundu lake kwa milimita. Hiyo ni ya injini za CC 200 na zaidi. 125 za aina ya CG (muundo wa Honda) hutumia PZ26. Aliyeniuzia alikuwa mpenda mbio, nadhani.

Milimita 4 zinaonekana kidogo, lakini linganisha maeneo ya matundu kwa mraba wa kipenyo: 30 mara 30 ni 900, 26 mara 26 ni 676. Tundu limepanuka kwa theluthi, na injini inavuta hewa ileile. Basi kwenye resi ya chini hewa inapita polepole, haina nguvu ya kunyonya petroli kwenye jeti, kitundu chembamba kinachopitisha petroli. Kuficha hilo, jeti ilikuwa imetoboliwa zaidi, ndiyo maana ya masizi.

Nilifunga PZ26 na gasketi mpya. Skrubu ya hewa niliikaza yote, nikairudisha mzunguko mmoja na nusu, kisha injini ikiwa moto nikaitafutia mahali muungurumo unapopanda zaidi, ndipo nikashusha resi.

Plagi sasa ni ya kahawia, mlima inaupanda bila kukohoa. Kasi ya mwisho? Sikuona tofauti.