Barua za Hank Aaron na meseji yangu ya Jumatatu

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii sijalala vizuri, niseme ukweli. Jumatatu usiku namba nisiyoijua ilinitumia meseji ndefu, matusi matupu, eti mimi mhazini wa kwaya nimekula hela za sare, wakati risiti ninazo na kila mtu ameziona. Saa nane usiku nimeamka naisoma tena kwa mwanga wa simu, mume wangu ananiambia mama, lala.

Sasa mdogo wangu yuko Atlanta, Marekani, juzi akanitumia picha ya kipande cha ukuta kwenye maegesho ya magari, akasema dada, hapa ndipo ulipovuka mpira wa Hank Aaron. Aaron alikuwa mchezaji wa besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo. Besiboli siijui, hata ofsaidi ya mpira wetu inanishinda, ila huyu mzee nikamfuatilia.

Kijana mweusi wa Mobile, Alabama, kazaliwa 1934. Ukiupiga mpira ukavuka uzio wanaita homrani, na rekodi ya homrani nyingi kuliko wote katika maisha ya uchezaji ilikuwa ya Babe Ruth, 714, mzungu aliyependwa mno. Aaron hakuwahi kufikisha 50 kwa msimu mmoja, yeye ni mwaka hadi mwaka tu, pole pole, mpaka msimu wa 1973 ukaisha ana 713. Akasubiri majira yote ya baridi, ligi imesimama, huku barua zinamiminika, zaidi ya laki tisa mwaka ule. Nyingi za kumtia moyo, lakini nyingine za kumtukana rangi yake na kumwambia tutakuua. Akawekewa askari wa kumlinda. Tarehe 8 Aprili 1974 akapiga ya 715, mama yake akashuka uwanjani akamkumbatia hataki kumwachia. Alistaafu 1976 na 755.

Ila kilichonishika ni kwamba zile barua mbaya hakuzitupa, alizitunza miaka yote. Nikajiuliza, huyu kasamehe kweli? Maana sisi tumezoea samehe na sahau. Ndipo nikamkumbuka Hezekia, 2 Wafalme 19, kaletewa waraka wa vitisho wa mfalme wa Ashuru, hakuuchana, hakukimbilia kujibu, alipanda nyumbani mwa Bwana akaukunjua mbele zake. Akaukunjua, wapendwa! Kumbe unaweza kuitunza barua na isikutawale, inategemea umeikunjua mbele ya nani. Mimi skrinishoti nilishatuma kwa watu sita kabla sijapiga magoti hata dakika moja. Sita! Na kila mmoja akaniongezea hasira yake juu ya yangu.

Halafu nisizunguke, aliyeniandikia anajua habari za sare, kwa hiyo ni wa kwetu, na huenda anasoma hapa. Wengi waliomtukana Aaron nao hawakuweka majina. Jumapili unainua mikono ileile iliyochapa matusi usiku, Yakobo 3 umeisoma au uliiruka? Mathayo 18 inasema nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Kwangu unapajua, geti la bluu, risiti ziko kwenye kopo la biskuti, njoo tuhesabu wote na chai utakunywa.

Jana usiku nikaiweka simu kitandani, meseji iko wazi, nikapiga magoti. Maneno sikuwa nayo. Skrini ikazima yenyewe, nikaiwasha, ikazima tena.