Kumbe injini nzima kabisa!

Jamani, leo nimetoka gereji Ngamiani roho kwatu.

Gari lilikuwa linanguruma mpaka watu wanageuka barabarani. Fundi wa kwanza alishasema injini ifunguliwe. Hela ya wapi?

Leo mzee mmoja kasikiliza, akavua feni belti, ule mkanda wa mbele ya injini, akaniambia, “Washa kidogo tu, mwanangu.”

Kimya!

Basi kelele haimo ndani ya injini, imo kwenye vinavyozungushwa na mkanda.

Akaniambia nizime, akazungusha puli, yale magurudumu yanayopitiwa na mkanda, moja moja kwa mkono. Ya altaneta, ile inayochaji betri, akaniita niishike: inakwaruza, kama ina mchanga ndani. Nimeusikia ule mkwaruzo mpaka kwenye kiwiko.

Beringi yake, kile chuma cha gololi kinachoifanya izunguke laini, imekwisha. Kabadilisha hiyo tu, Mungu amzidishie.

Nanyi, nani alishaambiwa afungue injini bure?