Rula na penseli juu ya nyonga ya kaka

Kaka aliteleza na bodaboda mteremko wa Mlima Nyoka, mvua ya Mbeya mnaijua. Kikombe cha nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapokaa, kikapata ufa. Nyumbani tukaanza kuchangishana, tukijua ni upasuaji tu.

Daktari akataka eksirei tatu: moja ya mbele, mbili amelazwa kiupande nyuzi 45, kulia kisha kushoto. Kelele alizopiga akigeuzwa, jamani! Kisha daktari akatoa rula. Akatia nukta katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, akachora mstari wima kwenda juu, na mwingine toka nukta ile hadi ufa unapokata kikombe. Akapima pembe. Picha zote tatu, zaidi ya 45. Yaani paa la kikombe, linalobeba uzito wa mwili, ni zima, na kichwa cha paja hakijahama. (Ukuta wa nyuma ukivunjika, akasema, kipimo hiki hakifai.)

"Huyu hatumpasui."

Nikamuuliza, kumbe hesabu za shule ndizo hizi? Akacheka.

Sasa yuko kwa mama, kule Igawilo, anatembelea magongo, marufuku kuukanyagia mguu. Jumatatu eksirei ya kurudia. Viazi vya mama vinamnenepesha vibaya.